Kibanda cha vitabu cha Mwalimu pale Chikongola: jero kwa wiki, ila kagua kurasa za mwisho kabla hujaondoka

Nimerudisha kitabu leo, nimechelewa siku tatu, nimepigwa faini mia sita. Mia mbili kwa siku, hamna cha ndugu wala cha mteja wa siku nyingi. Mwalimu kavua miwani, kaifuta na shati, kavaa tena, kafungua daftari la madeni kaandika "karani wa ghalani, 600, sababu uvivu". Nikamwambia Mwalimu sio uvivu, kitabu chenyewe kizito, akasema haya, hayo kayaandike mwenyewe kwenye lile daftari lingine. Na hilo daftari lingine ndo nataka kuliongelea hapa, maana kila siku naona watu wa Mtwara mnaulizana nisome nini, nianze na kipi, nani ana kitabu kizuri aniazime, na majibu yote yako pale nyuma ya soko, yameandikwa kwa peni ya bluu, yanaliwa taratibu na unyevu wa bahari.

Kwa msiopajua, ukiwa soko kuu unazunguka kwa nyuma, unaacha wauza dagaa, unaacha mafundi cherehani, unauona mwembe. Chini ya mwembe kuna wazee wa kahawa na bao, na ubavuni mwao kuna kibanda cha mbao kimepakwa rangi ya kijani ambayo zamani ilikuwa kijani kweli. Bango hamna. Jina hamna. Ukimwambia bodaboda nipeleke kwa Mwalimu wa vitabu anakupeleka, na kama hajui basi huyo kaja juzi kwa ajili ya msimu wa korosho. Mwalimu ni mstaafu, kafundisha Kiswahili miaka mingi kwenye shule za huku kusini, na vitabu vya mwanzo vilikuwa vyake mwenyewe, alivitoa ndani baada ya mkewe kusema ama vitabu ama kabati la vyombo. Anafungua saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, anafunga, anarudi baada ya alasiri mpaka giza linapoanza kuingia kwa sababu taa yake ni ile ya sola ndogo na huwa inachagua siku ya kuwaka.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Unaweka dhamana elfu tano, unaondoka na kitabu, unalipa jero kwa wiki. Ukirudisha salama dhamana inabaki palepale inakusubiri kitabu kingine au unachukua hela yako mnaachana kwa amani. Ukitaka kununua kabisa, vile vilivyotumika vinaanzia buku mbili, vipya bei inapanda na hapo usijisumbue kuomba apunguze maana atakuonyesha risiti ya basi aliyosafirishia mzigo kutoka Dar. Mwaka 2024, zile mvua za mwezi wa nne na kile kimbunga Hidaya cha mwezi wa tano vilivyokata barabara kule Somanga, Mwalimu alikaa bila kitabu kipya hata kimoja, tukawa tunazungushiana vilevile mpaka vingine tukavijua kwa harufu.

Sasa daftari. Ni lile kubwa la kwaya tatu, kalipiga mistari kwa rula, safu nne: tarehe, nani, kitabu gani, maneno yako. Kwenye "nani" hakuna anayeandika jina lake la kweli. Utakuta Dereva wa Tandahimba, Mama Mkaanga Mihogo, Form Six HKL, Askari Mstaafu, Mimi Tena. Mimi ni Karani wa Ghalani kwa sababu ndo kazi yangu, msimu wa korosho naandika magunia asubuhi mpaka usiku na sishiki kitabu kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwaka mpya, msimu ukiisha ndo nasoma kama mtu aliyefungiwa chakula.

Na hapa kwenye kutoa alama ndo nilipopapenda. Hawaweki nyota. Hawaweki kumi kwa kumi. Nani alianza sijui ila kila kitabu kinapewa daraja kama korosho, daraja la kwanza au daraja la pili basi. Kama hamjui, mzigo ukifika unapangwa, ile iliyokauka vizuri safi inaenda la kwanza, iliyosinyaa na yenye madoa inaenda la pili, na kuna wakulima wajanja wanatia kokoto kwenye gunia ili lipande uzito. Basi kwenye daftari utakuta mtu kaandika "daraja la kwanza ila katikati kina kokoto", na wewe unajua kabisa anamaanisha nini, yaani mwandishi kajaza maneno ili kitabu kiwe kinene. Sijawahi kuona maelezo ya kitabu yanayoeleweka haraka namna ile.

Kinachosomwa sana sa hivi, au niseme kinachogombewa, ni Peponi. Hiki ndo kile cha Abdulrazak Gurnah, mzee wetu wa Unguja aliyechukua Nobeli 2021. Alikiandika kwa Kiingereza kikatoka 1994, kikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, na sisi wenye lugha ambayo wahusika wenyewe wanaiongea tukakaa tu pembeni mpaka baada ya Nobeli ndo Ida Hadjivayanis akakitafsiri na Mkuki na Nyota wakakitoa. Mwalimu anayo nakala moja. MOJA. Nilikuwa wa sita kwenye foleni na nilingoja karibu miezi miwili, na ndo hiki nimechelewesha leo.

Maneno niliyoyakuta kwenye daftari kabla sijakichukua yalikuwa matatu tu, ya yule Dereva wa Tandahimba: "Kangomba ya mtoto." Sikuelewa. Nikasema huyu dereva kachoka. Nikaanza kusoma, kuna kijana anaitwa Yusuf, baba yake ana kihoteli huko bara na madeni yamemzidi, siku moja anakuja tajiri mfanyabiashara anayemwita mjomba Aziz, anaondoka na mtoto kwenda naye pwani, na mtoto anadhani anaenda kutembea. Kufika kule anakutana na kijana mwingine dukani, Khalil, ndo anamfungua macho kwamba huyu si mjomba wako, baba yako anadaiwa na wewe ndo rehani. Hapo nikakiweka kitabu chini nikacheka peke yangu halafu kicheko kikakata. Kangomba! Kwa wasio wa huku, kangomba ni ule mchezo wa mtu kukujia kipindi huna kitu, mikorosho ndo kwanza ina maua, anakupa vihela vya unga na ada ya mtoto, na korosho zako zinakuwa zake kabla hata hazijaanguka, kwa bei ya kukutoa machozi. Nimeandika magunia ya namna hiyo kwa mkono wangu, nawajua wenye mali na nawajua waliokuwa wenye mali. Dereva katumia maneno matatu kuniingiza kwenye kitabu kuliko utangulizi wowote.

Tafsiri yenyewe imekaa vizuri, ina Kiswahili cha pwani kilichotulia, kuna sehemu unasahau kabisa kwamba ilipitia Kiingereza. Ila sio cha kusoma ukiwa na haraka au kwenye kelele. Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu na inachosha kama msafara wenyewe, wengine kwenye daftari wameita kokoto, mi sikubali, ile ndo nyama yenyewe. Nimekipa daraja la kwanza, na nikaandika chini "someni polepole ila mrudishe kwa wakati", Mwalimu kasoma kaguna.

Cha pili kwa kugombewa kimenishangaza, Kuli cha Adam Shafi. Cha 1979 hiki, sio kipya hata kidogo. Ila kuna vijana wa bandarini walikianza, na ukifikiria inaeleweka, korosho zetu siku hizi zinapakiwa hapahapa bandari ya Mtwara, vijana wanabeba, halafu mmoja wao akakutana na habari za Rashidi ambaye anafuata kazi ya baba yake ya ukuli bandarini Unguja, mateso ya kule, mpaka mgomo wa 1948. Nasikia wanasomeana kwa sauti mchana wakipumzika, mmoja anasoma wengine wanakula mihogo. Kwenye daftari kuna safu nzima ya wao, miandiko tofauti lakini peni ileile, na mmoja kaandika tu "wameandika sisi". Mwingine chini yake "sisi tuna kofia ngumu wewe, shukuru". Bila yao nisingekigusa, nilikisikia tangu shule nikajua ni cha mtihani.

Baada ya Kuli wakahamia Vuta n'kuvute cha mwandishi huyohuyo, hiki kimefanyiwa na filamu, Amil Shivji ndo mwongozaji, ilitoka 2021. Kwa hiyo kuna mabishano kwenye daftari ukurasa mzima na nusu kati ya walioona filamu na waliosoma kitabu, nani kamwelewa Yasmini zaidi, yule binti aliyeozwa kwa mzee Raza wa makamo ya baba yake. Mimi bado sijapata nafasi ya kukisoma. Nakuja kwa hilo mwishoni.

Niseme ubaya sasa, maana mtaniambia nimelipwa kahawa.

Kurasa. Jamani kurasa! Nilichukua Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile cha Bwana Msa na kiko chake, cha mwaka 1960, hadithi ya upelelezi, tajiri kakutwa amekufa mzimuni na kila mtu ana sababu ya kumtaka afe. Nikapanda nacho kosta naenda Lindi kwa shangazi. Nimesoma tangu tunatoka stendi, sijaangalia dirisha, sijanunua hata korosho za kukaanga, abiria mwenzangu ananisemesha namjibu "mmh". Tunakaribia Mingoyo, Bwana Msa ndo anakusanya mawazo, nafungua ukurasa wa mbele nakuta jalada. Jalada la nyuma! Karatasi za mwisho hamna, zimekwanyuliwa, inaonekana hata mabaki ya uzi. Mpelelezi kabaki na kiko mdomoni na mimi nimebaki na mdomo wazi kwenye kosta.

Niliporudi nikampelekea Mwalimu kwa hasira, nikataka jero yangu. Akakigeuza geuza, akasema mwanangu hii ni nakala ya tangu nafundisha kidato cha pili, iliwahi kutumika kufungia bagia. Jero hakurudisha. Badala yake akawauliza wazee wa kahawa nani anakumbuka mwisho. Mzee mmoja, wale wetu wanaotamka mtu "ntu" na mke "nke", akaanza kuhadithia vizuri kabisa nani kaua na kwa nini, tumetulia tunasikiliza, mwenzake akamkatisha akasema huo ni mwisho wa kitabu kingine, wa hiki ni hivi, akatoa muuaji tofauti. Wakabishana mpaka bao likasimama. Mpaka leo nina wauaji wawili. Wiki mbili baadaye mtu kabandika karatasi ya daftari mwishoni mwa kitabu, kaandika mwisho kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri wa kike, na nina uhakika kautunga kwa sababu kuna mahali Bwana Msa anatoa simu mfukoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, hasa kwa vitabu vya upelelezi, Bwana Msa, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, fungua nyuma kabla hujalipa. Hivyo ndo vimesomwa sana na ndo vimechakaa zaidi. Akina Willy Gamba wengine hawana hata jalada, wamevalishwa gazeti.

Ubaya wa pili ni wa daftari lenyewe. Watu hawana siri. Unasoma maoni ili ujue kama kitabu kinafaa, mtu kaandika "usiogope, yule anakufa". Yaani kaua mhusika kwenye mstari mmoja! Mwalimu akachoka malalamiko akaweka sheria, ukitaka kusema mwisho unaandika kwenye kikaratasi, unakikunja, unakibana na pini pembeni, juu unaandika "funua ukishamaliza". Nzuri. Isipokuwa kila mtu anafunua. Mimi mwenyewe nimefunua.

Ubaya wa tatu, kuanzia mwezi wa nane ukienda utakuta kabati nusu ni la wanafunzi, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Wasakatonge, vyote vimeshikwa na vidato vya nne wanaojiandaa na mtihani wa mwezi wa kumi na moja, wamejazana kwenye benchi wanakopi dondoo, mtu mzima huna pa kukaa. Sio kosa lao masikini. Ila hata maoni yao kwenye daftari yanachekesha, huwezi kujua kama kitabu kilimfurahisha, anaandika "dhamira kuu ni umaskini, athari za mila potofu, na nafasi ya mwanamke". Form Four mmoja tu ndo alijisahau, chini ya Takadini kaandika "nimelia jamani", na Mwalimu kaizungushia duara kwa peni nyekundu kaandika SAFI SANA.

Mwalimu mwenyewe ana ugonjwa wake, Shaaban Robert. Ukikaa vibaya anakuazima Shaaban Robert hata kama ulienda kuulizia kamusi. Mi nimepewa Kusadikika mara mbili. Mara ya kwanza nililala. Mara ya pili nilifika kwenye kesi, Karama anasimama anajitetea mbele ya mfalme, Majivuno anamtaka aangamie, na Karama anahadithia wale wajumbe waliotumwa kila upande wakarudi na mema wakalipwa mabaya, nikaona eeh kumbe, huyu mzee kaandika hiki 1951 kabla ya uhuru akijua vizuri anamsema nani. Lakini nitasema ukweli wangu, lugha yake inanikalia rohoni kama ugali wa jana, na nilimpa daraja la pili mbele ya Mwalimu akashika kifua. Kesho yake akaniletea Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert huyohuyo, kafupi, nimekamaliza usiku mmoja. Binti wa Fumba aliyekuwa akizungusha vyungu, akaishia kwenda Bombay 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Daraja la kwanza bila kokoto hata moja. Mwalimu hakusema kitu ila siku ile kahawa alilipa yeye.

Upande wa sisi wanawake kabati limepwaya sana na nimemwambia. Ana Nguzo Mama ya Penina Muhando, ana kimoja cha Zainab Burhani kimechoka, basi, wengine wote wanaume wanatuandika sisi. Ajabu ni kwamba kitabu ambacho wamama wanakipitisha mkono kwa mkono kimeandikwa na mwanaume, Rosa Mistika cha Kezilahabi, yule wa Ukerewe. Kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, na kwenye kibanda bado kinaazimwa kama magendo, kinafungwa ndani ya khanga. Habari za binti aliyelelewa kwa ukali wa baba mpaka alipotoka nyumbani akawa hajui kusema hapana wala ndiyo. Mama Mkaanga Mihogo kaandika mistari ambayo nimeisoma mara nyingi, kwamba alikimaliza saa nane za usiku, asubuhi hakukaanga, alimkalisha bintiye chini wakaongea mpaka jua likawa juu, mambo ambayo yeye mama yake hakumwambia akaja kuyafundishwa na dunia. Daraja hakuweka. Chini yake wanawake watano wamesaini tu, bila neno.

Wazee wao wanasoma wasifu za viongozi. Mzee Rukhsa, kile cha Mwinyi, kinatembea sana kwa sababu kiko kwa Kiswahili na kina habari za ruksa yenyewe, wazee wanakumbuka sukari ilivyorudi madukani. Cha Mkapa, My Life, My Purpose, cha 2019, mwaka mmoja kabla hajafariki, wanakiheshimu kwa sababu ni mtu wa kwetu, Lupaso hapo Masasi, ila nakala iliyopo ni ya Kiingereza kwa hiyo kuna kijana wa chuo anawasomea na kuwatafsiria, na akikosea wale waliomfahamu mzee wanamrekebisha hata mambo ambayo kwenye kitabu hayamo.

Vijana wa biashara wote wanasoma Rich Dad Poor Dad ya Robert Kiyosaki, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia. Kila mtu daraja la kwanza. Nimesoma kurasa arobaini nikarudisha. Mtu anayeniambia nisitegemee mshahara hajakutana na miezi yangu ya kuanzia wa pili mpaka wa tisa.

Cha kusini kabisa, na ambacho mimi ningemwekea kila mgeni mkononi akishuka tu kwenye basi, ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Tamthilia, 1969, na mwandishi ni mzaliwa wa Kilwa, hapo Lindi, watu wengi hawajui wanadhani ni mtu wa Dar. Vita ya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, ilianzia kwenye vilima vya Umatumbi, na yule mganga wa Ngarambe aliyetoa maji ya kugeuza risasi ndo huyo Kinjikitile, mwandishi kambadilisha herufi kidogo akamfanya wake. Nilikisoma shuleni kwa ajili ya maksi. Nikakisoma tena mwaka huu baada ya kuona Askari Mstaafu kaandika: "Nilikuwa jeshini. Mwisho wake nimeuelewa nikiwa na miaka sitini." Alikuwa amekunja kikaratasi na pini, na hiki sikukifunua, nilisoma kwanza. Pale mwishoni Kinjeketile anapotakiwa aseme maji yalikuwa uongo, na yeye mwenyewe shaka ilishamla muda mrefu, lakini hasemi. Shuleni tuliandika "dhamira ni umoja". Nikafunua kikaratasi, mzee kaandika "Wangapi tungesema?" Nilikaa kwenye lile benchi mpaka muuza kahawa akaniuliza kama nimefiwa.

Halafu kuna mwanangu. Yuko darasa la tano, anataka kitabu cha yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa hapo Lindi na Wajerumani kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa imesimamishwa makumbusho ya Berlin, kwenda juu mita 13 na ushee, mababu zetu wakibeba vichwani kutoka porini mpaka Lindi mjini. Kaonyeshwa picha na mwalimu wake. Kwenye kibanda hakuna kitabu cha hivyo, na kwa ujumla cha watoto wadogo hakuna kitu, vitabu vitatu vya sungura na fisi vimechorwa ndevu wote, hadi sungura. Mwalimu anasema watoto hawarudishi. Nikamwambia watu wazima ndo hawarudishi, fungua daftari lako la madeni uone.

Huduma yenyewe kwa maana ya kupokelewa, inategemea. Asubuhi Mwalimu ni mkarimu, atakuuliza umetoka kusoma nini, unapenda nini, anakuwekea vitatu mezani uchague. Jioni kachoka, ukiuliza swali anakuonyesha daftari kwa kidole. Ukikunja pembe ya ukurasa badala ya kuweka alama, anakuondoa kwenye foleni, nimeshuhudia. Ukirudisha kitabu kinanuka samaki pia maneno utayapata. Malipo ni taslimu au kwa simu, makato juu yako. Mvua ikinyesha anafunika kila kitu na turubai na hapo hata uwe umetoka Newala huoni kitabu.

Kama ni mara yako ya kwanza, usiende kwenye kabati. Omba daftari, kaa kwenye benchi, agiza kahawa na kashata, soma kurasa tano sita za nyuma mpaka umpate mtu ambaye hasira zake na kicheko chake vinafanana na vyako, halafu mfuate huyo. Mimi namfuata Dereva wa Tandahimba, sijawahi kumuona kwa macho, hajanipoteza hata mara moja isipokuwa ile aliyosifia kitabu cha ufugaji wa kuku kama riwaya. Na nimegundua kuna mtu anayenifuata mimi, anajiita Jirani wa Ghala, kila nikiandika wiki mbili baadaye na yeye yumo, "nimekubaliana na Karani" au "Karani hapa kachemka".

Kwa upangaji wetu nakipa kibanda daraja la kwanza, kokoto ni zile kurasa.

Na wewe kaka wa bandarini, uliyeandika "wameandika sisi", mwandiko wako naujua na Mwalimu kanionyesha tarehe. Vuta n'kuvute unayo wewe tangu mwezi uliopita. Tuko watatu kwenye foleni, wa kwanza ni mimi, na msimu unaanza mwezi wa kumi. Rudisha.